Mtoto atoke nje, lakini atoke na elimu



Leo katika safu yetu ya afya na usafi tutazungumzia jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa ni la afya. Nalo ni mtoto kutoka nje na kujifunza kutokana na alivyoviumba Mwenyezi Mungu (s.w.): miti, maji, udongo, wadudu na ndege. Tutachukua mfano wa Kiberege, katika barabara itokayo Kidatu kwenda Ifakara, kwa sababu pale kila kitu kiko karibu. Upande mmoja ni milima ya Udzungwa na msitu wake. Upande wa pili ni bonde la mto Kilombero, mpunga, miwa na madimbwi. Mtoto wa Kiberege amezaliwa ndani ya darasa kubwa kuliko chuo chochote. Swali ni je, nani anamfundisha?

Angalia siku ya mapumziko, watoto wakishatoka madrasa. Utawaona wazazi wa aina mbili. Wa kwanza ana hofu. Anasema mtoni kuna mamba, porini kuna nyoka, barabarani kuna malori ya miwa. Basi anamwita mtoto ndani, anafunga mlango na kumkalisha mbele ya televisheni au kumpa simu. Wa pili haulizi kitu. Mtoto anatupa juzuu yake mkekani, anavaa manati shingoni, anaondoka peku na wenzake, na anarudi karibu na magharibi akiwa amelowa, macho mekundu kwa kuogelea.

Wazazi hawa wote wanampenda mtoto wao. Lakini wote wawili wamefanya kosa moja, kwani wote wamemwacha mtoto bila mwalimu. Yule wa ndani hatajua kitu, na yule wa nje atajifunza kwa kuugua.

Malezi ya badia

Ndugu msomaji, jambo hili si geni katika dini yetu. Sote tunajua kwamba Mtume Muhammad (s.a.w.) alizaliwa Makka, mji wa biashara wenye watu wengi. Lakini miaka yake ya mwanzo hakulelewa mjini. Alikabidhiwa kwa Bi. Halima Saadia wa kabila la Banu Saad, akakulia badia, jangwani, pamoja na mifugo. Hii ilikuwa ni desturi ya wenyeji wa Makka. Waliwapeleka watoto wao badia ili wapate hewa safi, miili yao ipate nguvu na ndimi zao zishike Kiarabu fasaha. Baadaye akachunga kondoo na mbuzi, na ametufundisha kwamba hakuna Nabii ambaye hakuwahi kuchunga.

Aidha, katika Surat al-Ghaashiya Mwenyezi Mungu anawauliza watu kwa nini hawamtazami ngamia alivyoumbwa, mbingu zilivyoinuliwa, milima ilivyosimamishwa na ardhi ilivyotandazwa. Na mtoto wa Adam alipomuua ndugu yake hakujua la kufanya na maiti, mpaka alipoletewa kunguru akamwonyesha namna ya kufukua ardhi. Binadamu alijifunza kwa ndege. Vipi leo tuone kwamba elimu ni ile ya ubaoni tu?

Faida ambazo wataalamu wamezipima

Wataalamu wa afya nao wamelipima jambo hili. Katika mji wa Guangzhou nchini China, watoto wengi wanapata tatizo la macho la kutoona mbali. Watafiti walichukua shule 12 za msingi, na katika nusu ya shule hizo wakaongeza dakika 40 za kila siku ya shule za kuwa nje. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Baada ya miaka 3, katika shule zilizoachwa kama zilivyo, watoto takriban 40 katika kila 100 walikuwa wamepata tatizo hilo. Katika shule za dakika 40 za nje walikuwa takriban 30. Hakukuwa na dawa wala miwani. Ni mwanga wa mchana tu, ambao sisi tunao bure.

Nchini Finland, mwaka 2020, watafiti walieleza jinsi walivyoleta udongo na mimea ya msituni katika viwanja vya shule za chekechea. Watoto wa miaka 3 hadi 5 walicheza humo kila siku kwa muda wa siku 28. Vijidudu visivyo na madhara katika ngozi zao viliongezeka aina, na damu yao ikaonyesha dalili kwamba kinga ya mwili imepangika vizuri zaidi. Wenzetu wa huko wananunua udongo wa msitu na kuuleta kwa watoto. Sisi tunao mlangoni.

Tena jua linausaidia mwili kutengeneza vitamini D, ambayo bila yake mifupa ya mtoto hulegea na kupata matege. Hili liwahusu hasa mabinti zetu, kwani mara nyingi kaka anaruhusiwa kutoka na dada anabaki jikoni. Binti naye ana haki ya jua, ya kukimbia na ya kujua majina ya miti.

Elimu iliyokuwa kwetu

Wazee wetu walikuwa na elimu hii, ila hawakuiita elimu. Mtoto alikaa kwenye dungu shambani akiamia ndege wasile mpunga, na humo akawajua ndege wote kwa sauti. Alikwenda na baba kuvua, akamjua kambale na perege, akajua maji yapi yana kina na yapi yana mamba. Alikwenda na mama kuokota kuni, akajua mti unaofaa dawa na ule wenye sumu.

Mwaka 1979 wataalamu waligundua aina ya nyani mdogo katika msitu wa Sanje, kaskazini ya Kiberege, ambaye sayansi ilikuwa haijamtambua. Dunia ikashangaa. Lakini wenyeji wa msitu ule walikuwa wanamjua siku zote. Hayo ndiyo matunda ya kukulia nje.

Leo milango mingi imefungwa, na mingine kwa sababu njema. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, na makao yake ni Mang'ula, jirani kabisa na Kiberege. Kwa miaka mingi wanavijiji waliruhusiwa kuingia kwa siku maalumu kuokota kuni kavu. Ruhusa hiyo iliondolewa mwaka 2011 ili kuulinda msitu. Msitu ukapumzika, lakini njia ile ya mtoto kufuatana na mama yake msituni nayo ikakatika. Asipopelekwa kwa ziara ya shule au ya madrasa, anaweza kukua chini ya mlima ule mpaka akaoa bila kuuingia, wakati wageni wanasafiri kutoka Ulaya kuja kuona maporomoko ya Sanje.

Bonde nalo si bonde la kawaida. Mwaka 2002 bonde la mafuriko la Kilombero liliingizwa katika orodha ya Ramsar, yaani ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia nzima. Sheshe, yule swala wa majani ya mtoni, hapa ndipo palipokuwa nyumbani kwake kukubwa kuliko mahali pengi duniani. Muulize mtoto wako kama amewahi kulisikia jina hilo.

Serikali na mashirika hawakukaa kimya. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilileta mashamba ya shule. Klabu za Malihai zilianzishwa mwaka 1980 ili wanafunzi wajifunze wanyama na mazingira. Mwaka 1991 Jane Goodall na wanafunzi 12 walianzisha jijini Dar es Salaam kikundi cha Roots & Shoots, ambacho kilienea nchi nyingi. Lakini madrasa zetu ziko wapi katika hili? Ustadhi ana watoto 40 au 60 kila siku, wana adabu na wanamsikiliza. Hakuna mwalimu mwenye nafasi nzuri kuliko yeye.

Somo la kwanza ni maji

Sasa tuje kwenye hatari, kwa sababu safu hii haitadanganya. Bonde la Kilombero linampa mtoto afya na linaweza kuichukua. Kinachomchukua zaidi si mamba. Ni kichocho.

Kichocho huenda hivi. Mtoto mwenye ugonjwa anakojoa katika dimbwi au pembezoni mwa mto. Mayai ya minyoo yanatoka na mkojo, yanaanguliwa majini na kuingia katika konokono wadogo wanaokaa kwenye majani. Baada ya wiki kadhaa konokono mmoja anaweza kutoa majini mamia ya vijidudu visivyoonekana kwa macho, hasa jua linapokuwa kali mchana. Mtoto mwingine anaingia kuogelea, kuosha vyombo au kushika tawadha, navyo vinapenya ngozi yake akiwa mzima, bila kidonda na bila kuumia. Baadaye anakojoa damu.

Watu wengine husema kijana akikojoa damu ndiyo anakua. Hilo si kweli, na ni hatari. Kichocho kikiachwa kinaharibu kibofu na figo, na kinaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wasichana kinaweza kudhuru viungo vya uzazi.

Kilosa, katika mkoa wetu huu wa Morogoro, watafiti waliwahi kutumia njia nyepesi ya kujua shule zipi zina kichocho kingi, wakachapisha matokeo mwaka 1991. Walipeleka maswali shuleni, na walimu ndio waliowauliza watoto. Ilionekana kwamba watoto wakiulizwa vizuri wanasema kweli, na majibu yao yanatosha kuonyesha wapi dawa ipelekwe kwanza. Ndugu mzazi, wewe umewahi kumuuliza mwanao swali hilo? Muulize kwa upole, si kwa fimbo. Akisema ndiyo, mpeleke zahanati akapimwe mkojo. Dawa ipo, inaitwa praziquantel, na hugawiwa pia shuleni katika kampeni za dawa za minyoo. Usimzuie mtoto kuimeza. Ale chakula kwanza, kwani akimeza na njaa anaweza kupata kichefuchefu.

Na hapa tazama hekima ya sharia. Mtume (s.a.w.) alikataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Pia ametuonya tusijisaidie sehemu tatu: penye maji wanapoteka watu, njiani na kivulini. Hiyo ni zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, kabla mtu yeyote hajamwona mdudu wa kichocho. Mtoto anayeishika adabu hii hamlindi mwenzake tu. Anakata mzunguko wote wa ugonjwa. Ukilifundisha hilo madrasa ukutani, atalisahau. Ukimpeleka kando ya dimbwi ukamwonyesha konokono kwenye jani, ukamweleza safari ya mkojo wake, hatalisahau maisha yake.

Kuhusu udhu, tusikosee. Maji ya mto ni tohara na udhu wake unasihi. Lakini usiingize miguu na mikono katika dimbwi lenye konokono. Teka kwa ndoo, yaache yakae siku nzima, usiku na mchana, bila konokono ndani yake, kisha ndiyo utumie. Vijidudu vile haviishi muda mrefu. Maji ya bomba au kisima kilichofunikwa ni bora zaidi. Na ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa.

Somo la pili ni jioni

Ametufundisha pia Mtume (s.a.w.) kwamba usiku unapoingia tuwazuie watoto wetu ndani, kwani huo ni wakati wa kuenea mashetani. Hatusemi kwamba maana ya Hadithi hiyo ni mbu. Tunasema kwamba mwenye kuifuata anapata na kheri hii nyingine, kwamba mtoto wake hayupo nje wakati mbu wa malaria wanapoanza kuuma.

Watu wa Kilombero hawahitaji kuambiwa malaria ni nini. Ni hapa hapa Kilombero na Ulanga ambapo, katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ifakara walisambaza vyandarua vyenye dawa kwa njia ya maduka na mawakala. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001: vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kuishi kwa watoto wa chini ya miaka 5. Dunia imejifunza kutoka kwetu.

Tatizo ni shambani. Wakati wa mpunga familia huhama na kukaa kwenye dungu au kibanda kisicho na kuta, na chandarua kinabaki nyumbani kitandani. Ndugu yangu, chandarua kisafiri na mtoto. Kama kuna mikeka na sufuria katika baiskeli, chandarua hakikosi nafasi. Jioni mvalishe nguo ndefu. Na akipata homa usingoje siku ya soko, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo.

Somo la tatu ni miguu, mikono na ulimi

Minyoo ya safura huingia kwa nyayo zilizo peku katika udongo wenye kinyesi, nayo hunyonya damu. Mtoto anakuwa mweupe machoni, mzito, na ustadhi anadhani ni mvivu. Dawa yake ni viatu, hata kandambili, na choo kinachotumika na kila mtu. Kucha zikatwe, kwani ni katika sunna za maumbile, na chini ya kucha ndefu ndipo mayai ya minyoo yanapokaa. Akitoka nje anawe kwa sabuni kabla ya kula, si kuchovya vidole tu.

Nyoka nao wapo: bafe, swila, koboko. Mtoto afundishwe asitie mkono shimoni wala chini ya gogo, apige fimbo mbele yake penye majani, na asimchokoze nyoka aliyemwona. Akiumwa, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asinyonywe. Alazwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe, abebwe haraka hospitali.

Na ulimi pia una adabu yake. Mtoto asionje tunda asilolijua mpaka aulize. Manati yawekwe chini. Mtume (s.a.w.) alikataza kumfanya kiumbe mwenye roho kuwa shabaha, naye ndiye aliyemuuliza mtoto mdogo, Abu Umair, habari za kindege chake. Mpe mtoto kazi ya kuhesabu ndege badala ya kuwapiga, utaona atakavyofurahi.

Siku moja ya darasa la nje

Pengine utasema, haya ni mambo ya shule za kitajiri. Sivyo. Ustadhi na wazazi wawili wanaweza kufanya hivi mara moja kwa mwezi, bila fedha.

Watoke asubuhi mapema, jua likiwa dogo. Watoto wasizidi 10 kwa kila mtu mzima, na mama mmoja awe pamoja na mabinti. Kila mmoja avae viatu na abebe chupa ya maji yaliyochemshwa. Waende mahali panapojulikana: shamba la mpunga la mmoja wao, kivuli cha mwembe mkubwa, au kando ya kijito, lakini wasiingie majini. Mzee wa hapo aalikwe awataje miti na ndege kwa majina ya Kiswahili na ya kienyeji, na watoto wayaandike. Watafute qibla kwa jua na wapime kivuli cha fimbo ili waijue adhuhuri inavyoingia. Wajifunze kutayamamu kwa udongo safi. Wachimbe shimo la kujisaidia mbali na maji na kulifukia. Kila mtoto apande mche mmoja na aambiwe kwamba akila ndege au mtu katika mti wake, ni sadaka yake. Warudi kabla ya jua kali, wanawe na kula pamoja.

Mara moja kwa mwaka, wakati wa kiangazi, wachangishane waende lango la Mang'ula. Waulize mapema utaratibu wa wanafunzi. Wasiwalishe nyani, wasiache takataka.

Mfano wa Misali

Kama unadhani dini na mazingira havikutani, tazama kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba. Wazee wa huko wanasimulia kwamba Nabii Khidhri alifika, akaomba msala wa kuswalia, na ulipokosekana akasema kisiwa chenyewe ni mithili ya msala, kwani kimeelekea qibla. Mwaka 1998 kisiwa kilitangazwa kuwa eneo la hifadhi. Lakini uvuvi wa uharibifu haukwisha kwa tangazo tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wavuvi, masheikh na walimu walikaa pamoja wakafundishwa hifadhi kwa aya za Qur'ani, kwamba binadamu ni khalifa juu ya ardhi na ataulizwa. Maneno ambayo wavuvi hawakuyajali yalipokuja kwa barua ya serikali, waliyasikiliza yalipotoka msikitini.

Basi na sisi wa bara tujiulize. Mto wa Kilombero, msitu wa Udzungwa na hata lile dimbwi nyuma ya nyumba ni amana. Miaka 20 ijayo mwenye kuamua kama mti ukatwe, kama maji yachafuliwe, kama sheshe abaki, ni huyu mtoto tuliyemfungia ndani au tuliyemwacha azurure. Hawezi kukilinda asichokijua. Na hawezi kukijua akiwa mgonjwa.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, Jumamosi ijayo usimfungie mwanao wala usimwache aende peke yake. Mvalishe viatu, mshike mkono, utoke naye. Akikuuliza jina la mti usilolijua, usione haya. Mwende wote kwa babu mkamuulize.

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu afya na elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiiq.